Meza Moja, Jumamosi Mbili: Mwongozo kwa Wahitimu Wanaotaka Kurudi Mtaani Kusaidia

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, yakitoka mwezi wa Januari, simu yangu huanza kulia kabla sijamaliza chai. Mara ya kwanza ilikuwa jirani wa mama yangu huko Kayole, Nairobi. Alisema, "Mwanangu, wewe ndiye ulipita huko. Kijana amepata C+ na kwa saiba, lile duka la intaneti, kuna foleni. Njoo umwangalilie." Nilienda nikidhani ni kazi ya nusu saa. Nilitoka saa mbili usiku, na langoni kulikuwa na wengine wanne wanangoja na karatasi zao mkononi.

Wahitimu wengi tukifikiria kurudisha kitu nyumbani huwaza pesa: kujenga darasa, kuchimba kisima, kumlipia mtu karo miaka minne. Wengi wetu pesa hizo hatuna, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, bado unatungoja. Tulicho nacho ni kwamba tumeshapita njia hii na tunajua mashimo yake yako wapi. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu kitu kimoja tu: meza ya bure mtaani, Jumamosi mbili kwa mwezi, ya kuwasaidia waliomaliza kidato cha nne kuchagua kozi, kuomba nafasi na kuomba ufadhili. Kama kikundi chenu kinataka kupanda miti au kusomea watoto vitabu, hatua za mwanzo ni hizi hizi. Mimi nitaeleza ninayoijua.

Hatua ya 1: Tafuta watu watano

Tuma ujumbe kwenye kikundi cha WhatsApp cha mliomaliza pamoja, uandike kwamba unataka kuisaidia jamii. Utapata "tuko pamoja" thelathini na vidole gumba visivyohesabika. Kisha Jumamosi ifike uone.

Badala yake uliza swali lenye saa na mahali: nani anaweza kuwa Kayole saa tatu asubuhi, Jumamosi ya kwanza na ya tatu, kuanzia Desemba hadi Mei? Watakaojibu hawatazidi saba, na wawili kati yao watapata harusi. Watano wanatosha.

Wachanganye. Watano wote wakiwa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, hakuna wa kumweleza kijana maisha ya Maseno au Egerton yalivyo, wala kodi ya chumba karibu na chuo kikuu cha JKUAT kule Juja. Tafuteni angalau mmoja aliyepitia chuo cha ufundi, kwa sababu nusu ya watakaokaa mbele yenu hawakupata C+, alama ya chini ya kuingilia digrii, na mhitimu wa digrii akizungumzia diploma huwa anasikika kama anayetoa pole.

Angalieni pia mtu anaishi wapi. Wengi wetu tulikulia Dandora au Kariobangi, tukapata kazi, tukahamia Ruaka au Kitengela. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na msongamano wa Jogoo Road, imemaliza ari ya watu wengi kuliko uvivu. Na kama mmoja wenu bado anazunguka na bahasha ya kaki akitafuta kazi, wenye mshahara wamlipie nauli bila yeye kuomba. Lisemwe siku ya kwanza, liishe.

Hatua ya 2: Uliza kabla ya kutangaza

Nairobi ina kaunti ndogo 17 na wadi 85, na katika kila wadi kuna watu wanaojua nani amemaliza shule na yuko nyumbani. Anza na mzee wa mtaa. Nenda kwa mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka nyumba kwa nyumba. Nenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya karibu, kwa kasisi, kwa imamu. Usiende na mpango uliochapishwa. Nenda na swali: vijana waliomaliza mwaka jana wako wapi, na walikwama wapi?

Sisi tulidhani shida ni kuchagua kozi. Mzee wa mtaa alituambia wazi kwamba shida ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Watoto walifanya mtihani kwa nambari za vyeti ambavyo nakala halisi ilipotea walipohama ploti. Hilo lilibadilisha kazi yetu yote, kama utakavyoona.

Halafu kuna mtu ambaye karibu kila kikundi humsahau, naye ni mwenye saiba. Januari ndio msimu wake. Anatoza kwa kila ombi, anachapisha, anaskani. Ukija na meza ya bure mita ishirini kutoka mlangoni kwake, unamnyang'anya mkate, naye ana wateja wanaomwamini kuliko wewe. Kaa naye chini mapema. Makubaliano yaliyotufaa sisi ni haya: sisi tunashauri, yeye anachapisha na kuskani kwa bei tuliyoiandika ukutani. Kijana anatoka kwetu akijua anachotaka, kwa hiyo kwake hamalizi dakika arobaini akibadili mawazo. Mwaka wa pili yeye ndiye aliyetukopesha kompyuta.

Hatua ya 3: Mahali, barua na ulinzi wa watoto

Ukumbi wa kanisa, darasa la shule siku ya mapumziko, ukumbi wa kijamii wa kaunti, au maktaba. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mjini mwaka 1931, ina matawi Kaloleni na Makadara, na Buruburu kuna maktaba ya taifa. Kokote mtakakokwenda, ombeni kwa barua na mpeleke nakala kwa chifu. Chifu asiyejua mnachofanya atakisikia kwa mtu mwingine, na atakachosikia hakitakuwa kizuri.

Angalizo kuhusu shule: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Meza ya ushauri kwa waliokwisha kumaliza haina tatizo hilo, lakini mkishawishika kuongeza darasa la Hisabati kwa kidato cha tatu mwezi wa Agosti, mtajikuta mkieleza mambo mbele ya afisa wa elimu.

Wengi wa watakaokuja wana miaka 17 au 18. Chukulieni kwamba mnashughulika na watoto. Kila anayejitolea awe na cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Ombi huanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ada imekuwa shilingi 1,050, na lazima uende ukapigwe alama za vidole. Mlango uwe wazi. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto. Mazungumzo ya usiku kwenye WhatsApp kati ya mhitimu na binti wa kidato cha nne hayapo, hata kama ni kuhusu kozi ya uuguzi. Maswali yaende kwenye laini moja ya kikundi inayosomwa na wawili. Na mtoto akikueleza jambo la kudhulumiwa nyumbani, usijifanye mpelelezi: nambari ya simu ya watoto ni 116, ni ya bure, na kuna afisa wa watoto katika kaunti ndogo.

Hatua ya 4: Fuateni kalenda ya mitihani

KCSE humalizika Novemba na kwa miaka ya karibuni matokeo yametoka mapema Januari. Kwa hiyo Desemba ni mwezi wa karatasi, na ndio mwezi ambao hakuna anayekuja msipomwita. Mwiteni. Kila kijana alete cheti cha kuzaliwa, nambari yake ya mtihani yenye tarakimu 11, nakala za vitambulisho vya wazazi, na cheti cha kifo kama mzazi amefariki. Aliyefikisha miaka 18 aanze safari ya kitambulisho mara moja. Aliyepoteza cheti cha kuzaliwa aanze kukitafuta Desemba hiyo hiyo, wala asingoje wiki ambayo lango la mtandaoni la KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, linakaribia kufungwa.

Januari ni ya kusoma matokeo. Maombi hufuata kwa awamu, kila moja na tarehe yake ya kufunga, na baada yake kuna kipindi cha kurekebisha chaguo. Chapisheni tangazo la mwaka huo lenyewe mlibandike ukutani. Tarehe za mwaka jana mlizozikariri zitawaponza.

Darasa la mwisho la 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondoka, litafanya KCSE mwaka 2027. Baada ya hapo meza itahitaji watu wanaouelewa mfumo mpya, kwa hiyo anzeni mapema kuzoeana na walimu wa shule za upili.

Hatua ya 5: Kijana akikaa mbele yako

Hapa ndipo kazi ilipo. Mzazi atataka kujibu yeye. Mpe kiti na chai, kisha mwelekee mtoto. "Mama, nitakusikiliza, lakini nianze na yeye." Muulize anapenda kufanya nini mchana akiwa hana kazi, siyo anataka kuwa nani. Swali la pili huleta daktari, rubani na wakili. La kwanza humtoa kijana anayerekebisha redio za mtaa mzima.

Kisha angalieni matokeo pamoja. Kwa kawaida anayewania digrii kupitia KUCCPS huhitaji C+ ya jumla au zaidi, diploma C-, cheti D, na kozi za ufundi wa msingi humpokea kila mtu. Lakini alama ya jumla ni hodi tu. Kinachofungua mlango wa kozi ni alama za klasta, zinazohesabiwa kwa masomo manne yanayohusiana na kozi hiyo, na ukomo wake ni 48. Ndiyo maana vijana wawili wenye B- wanaweza kuwa na nafasi tofauti kabisa. Mwenye B ya jumla na D ya Hisabati hatasomea uhandisi, hata baba yake akasirike vipi.

Kwenye tovuti ya KUCCPS huonyeshwa alama za klasta za mtu wa mwisho aliyeingia kila kozi mwaka uliopita. Zitumieni kama kipimo cha mvua ya jana. Kijana mwenye 32 akijaza chaguo zote kwa kozi zilizofungwa kwenye 40, anacheza bahati nasibu. Mshaurini aweke chaguo moja la ndoto, mawili matatu yanayolingana naye, na moja ambalo hatalikosa na ambalo yuko tayari kweli kulisomea. Sehemu hiyo ya mwisho watu huipuuza. Nimemwona kijana akipata "chaguo la akiba" katika mji ambao hajawahi kuukanyaga, kwa kozi ambayo hakujua inahusu nini, akakaa nyumbani mwaka mzima.

Aliye chini ya C+ msimpe pole. Mwonyesheni Politekniki ya Kitaifa ya Kabete, au PC Kinyanjui kule Riruta, na mumkalishe na yule mwenzenu aliyepitia huko. Kama kuna fundi umeme wa mtaa aliyesoma, mleteni. Nilimwona mmoja akitoa risiti za kazi alizofanya mwezi ule, na mama aliyekuwa amenuna akaanza kuuliza maswali yeye mwenyewe.

Sasa kompyuta. Kanuni ni kwamba kijana ndiye anayeshika kipanya. Anaingia kwa nambari yake ya KCSE, mwaka wa mtihani, na nenosiri la mwanzo, ambalo ni nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, mtihani wa darasa la nane, kama ilivyoandikwa aliposajiliwa. Cheti cha kuzaliwa kikiwa kimepotea, mnaelewa sasa kwa nini Desemba ilikuwa muhimu. Abadilishe nenosiri, aliandike kwenye daftari lake, na ninyi msilihifadhi popote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu hata kama ninyi ni watu watano wenye meza ya plastiki: msibandike majina na alama za watu ukutani, msipige picha ya skrini kutuma kikundini.

Kosa langu mwenyewe: mwaka wa kwanza kijana hakuwa na simu, nikaweka nambari yangu ili mambo yaende. Miezi mitatu baadaye alihitaji msimbo wa kuingia, umetumwa kwangu, nami nilikuwa shambani kwa mazishi ambako mtandao haupo. Alikosa siku mbili kati ya tatu zilizokuwa zimebaki. Tangu hapo ni laini ya mzazi au ya dada yake, na kama hakuna, kununua laini ndiyo kazi ya kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo huwashika wengi: kupata nafasi na kupata pesa ni maombi mawili tofauti. Chini ya utaratibu ulioanza mwaka 2023, kijana aliyepewa nafasi lazima aombe ufadhili na mkopo kivyake, na fomu hiyo inauliza mambo ya nyumbani: mapato, karo iliyolipwa shule ya upili, ndugu wangapi wanasoma, baba yuko wapi. Swali hilo la mwisho, likiulizwa mbele ya foleni ya majirani, linaweza kumfanya mtoto aandike uongo au aondoke. Wekeni kiti kimoja pembeni, mgongo kwa watu, wazi lakini mbali na masikio. Na mwambieni kweli kuhusu mkopo: ni deni, litadaiwa. Mwenye deni la HELB kati yenu na aeleze anavyolilipa.

Mtu akija amelipa "ajenti" ili auziwe nafasi, iwe ya chuo kikuu au ya KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, msimcheke. Mwonyesheni jinsi ya kuangalia mwenyewe kama jina lake lipo, kisha mmsindikize kituo cha polisi akiwa tayari.

Hatua ya 6: Pesa, kabla hazijaleta kesi

Gharama za meza yenyewe ni ndogo: bando, karatasi, chai na mandazi. Changeni wenyewe. Kikwazo kikubwa ni ada ya maombi ya KUCCPS, ambayo imekuwa shilingi 1,500. Kwa nyumba inayoishi kwa vibarua vya Mukuru, hiyo ni siku mbili tatu za chakula. Mkiwa na mfuko mdogo wa kuwalipia wachache, ulipeni moja kwa moja kwenye mfumo, msimpe mtu taslimu, na watu wawili waone kila muamala. Mzee wa mtaa awasaidie kuamua nani kwanza, maana anajua nani ana ploti ya kupangisha na anajifanya hana.

Mtaombwa zaidi. "Si wewe ndiye ulisoma?" Jibu liwe moja kwa wote watano, na liwe la heshima: "Mzee, karo siwezi, lakini fomu ya basari ya NG-CDF, ule mfuko wa eneo bunge, na ya kaunti tutaijaza pamoja leo."

Kusajili kikundi kusiwe kazi ya mwaka wa kwanza. Nimeona vikundi vilivyokuwa na katiba, mhuri na mwenyekiti kabla ya kumsaidia mtu mmoja, vikafa kwenye uchaguzi wa mweka hazina. Mkidumu misimu miwili na mkitaka akaunti ya benki, nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii mkasajiliwe chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022.

Hatua ya 7: Fulana na kamera

Mwanasiasa atakuja. Uchaguzi ni Agosti 2027, naye atakuwa na fulana zenye uso wake na mpiga picha. Mkaribishe, mpe kiti, mwombe fomu za basari ziletwe mapema, na fulana zibaki garini.

Hatua ya 8: Baada ya barua ya kuitwa

Majina yakitoka, wapigieni wote, hasa waliokosa, maana wale wa kufaulu watapiga wenyewe. Waliokosa wana awamu nyingine, na wengi hawajui.

Kwa wanaokwenda, tengeni Jumamosi moja ya mambo ambayo barua haisemi: chumba kinapatikana vipi bila kulipa dalali wawili, wiki ya kwanza isile pesa za muhula, ukikwama kimasomo unamwona nani. Waunganisheni na mhitimu wa chuo hicho hicho. Halafu waombeni jambo moja: likizo ya Desemba warudi mezani. Kijana wa mwaka wa kwanza anayekumbuka alivyokosea fomu hueleza vizuri kuliko mimi niliyejaza yangu kwa karatasi.

Jioni ikifika, funga saa kumi na nusu hata kama foleni ipo, la sivyo wenzako hawatarudi. Waliobaki wape namba za foleni za kuanza nazo mara ijayo. Panga viti, futa ubao, choma karatasi zilizoharibika zenye nambari za watu. Andika tarehe ya Jumamosi ijayo kwenye manila pale langoni, kisha mrudishie mlinzi ufunguo.